Povu Mbele ya Darubini

Ziwa Nyasa lilikuwa linawajua wote waliokunywa dawa ya Maji Maji. Ukikanyaga tu maji yake, linatoa povu miguuni mwako, Mjerumani aliyesimama melini na darubini analiona, na kabla hujakauka umeshanyongwa. Mpagazi mwenzangu alinipa habari hiyo tulipokuwa tukishuka kutoka Songea na mizigo kichwani, nami nikaimeza nzima nzima.

Nilikuwa na sababu. Mimi nilikunywa. Vita ilipofika kwetu, mjomba alinishikisha kibuyu nikapiga mafunda mawili. Vita ikaisha, wazee wetu wakanyongwa Songea mchana kweupe, na tangu hapo nikawa mtu ambaye hajawahi kunywa chochote isipokuwa maziwa ya mama yake.

Sasa tulikuwa ndani ya meli, tunapeleka magunia ya serikali kaskazini. Meli yenyewe ilikuwa na urefu kama wa kutoka Songea hadi Peramiho. Basi, tuseme nyumba tatu. Asubuhi ikatia nanga kwenye ghuba moja ili kupakia kuni, tukaambiwa kila mtu aende atakako, honi ikilia turudi.

"Mdogo wangu," akaniita mfanyabiashara mmoja wa Tunduru, mtu wa kanzu safi na mkoba wa ngozi usiotoka mkononi, "nyuma ya yale mawe kuna mchanga mzuri. Twende tukaoge."

Melini walikuwemo watu kama elfu, au thelathini hivi. Kwa nini mimi? Na jana nilimwona akicheka na askari. Nikajua huyu ametumwa anitie majini. Lakini kukataa nako kungenifichua, kwa hiyo nikaenda.

Nyuma ya mawe tulimkuta mama mmoja akianika usipa juu ya mchanga, visamaki vinang'aa kama sindano. Tukampa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Meli tuliiona vizuri, na juu yake, Mjerumani na darubini yake. Ametuelekezea sisi hasa.

"Mbona huvui nguo?" mfanyabiashara akauliza.

"Nina kikohozi."

"Kikohozi cha miguu?"

Mama wa usipa akacheka puani.

"Tangulia wewe, kaka," nikasema.

"Nitangulie nikuachie mkoba? Tangu jana unanitazama kama fisi aliyeona mbuzi. Wallahi sikuachii!"

Kumbe naye alikuwa akinichunga! Akaubeba mkoba wake hadi ukingoni kabisa, akachomoa kitu mle ndani, akautia jiwe juu, akavua kanzu, akaingia majini hadi magotini, akaanza kujisugua huku akinitupia jicho.

Povu likatoka.

Nasema povu, si mchezo! Jeupe, zito, linamzunguka na kuelea kuelekea melini kana kwamba linakwenda kumshtaki. Kwa hiyo naye alikunywa! Na kwa wingi huo, alikunywa pipa zima. Nikatazama juu: darubini haijaondoka.

Ningeweza kukimbia. Lakini ningemwacheje mwenzangu wa dawa anyongwe peke yake, akiwa uchi? Nikajitosa na nguo zangu, nikamkamata mkono.

"Toka, kaka! Umeonekana!"

"Mwizi!" akapiga kelele, akijirusha kuelekea kwenye mkoba. "Nilijua tu!"

Hapo ndipo nilipotazama chini, nikaliona povu limezunguka magoti yangu. Basi nikayaona maisha yangu yamekwisha, nikapiga magoti mle mle majini, mikono juu, nikiielekea meli.

"Bwana mkubwa, nilikunywa kidogo tu! Mafunda mawili! Kibuyu kilikuwa cha mjomba!"

Mfanyabiashara akaukumbatia mkoba kifuani. Akatazama kwenye mawe kama kuna aliyesikia, kisha akanitazama mimi, na hakuita tena mwizi.

Mama akaacha usipa wake, akaja hadi ukingoni, akainama na kuokota kitu cheupe kilichomponyoka mwenzangu. Akakinusa, akakitia mkononi mwangu. Kilikuwa kinateleza, kinanukia vizuri. Sijawahi kushika kitu kama hicho.

"Hii ni sabuni, mwanangu," akasema polepole. "Ndiyo inayotoa povu. Yule mzungu anaangalia mamba, maana juzi walikamata mbuzi hapa. Sasa funga mdomo, hujasikika bado."