Gurudumu la Ndege Isiyoruka

Mume wangu alipoliona lile gurudumu la ndege kwenye makumbusho, alinyamaza. Na mume wangu si mtu wa kunyamaza, jamani! Tangu tupande treni kwetu Ilford, hapa hapa London, alikuwa akinihubiria habari za ndege hiyo: dude la mabawa matatu, moja juu ya jingine, lililoanza kuundwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita ikaisha halijamalizika, likavunjwavunjwa. Limebaki gurudumu, refu kunishinda mimi.

"Walitaka livuke bahari hadi Marekani," alisema hatimaye.

"Kama ghorofa letu," nikamjibu. Lilinitoka tu.

Nyumba yetu ya Kibaha ilikuwa imekwama kwenye lenta, kuta tupu bila paa, miaka nenda rudi. Mume wangu aliichora mwenyewe: ghorofa, chumba cha kila ndugu, varanda ya kuzunguka. Sisi tulio Ulaya ndivyo tunavyojenga, ili watu wajue tuko Ulaya. Mama yake, aliyetupatia kiwanja, alikuwa amepanga chumba kwa jirani, huku sebuleni kwetu wanalala mbuzi. Magoti yalishaanza kumkatalia. Niliogopa atakufa hajalala kwake hata siku moja, na hofu hiyo ilininyima raha.

Nilidhani mume wangu atafoka. Akalizunguka gurudumu, mikono nyuma.

"Wangeunda kadogo," akasema, "kangeruka."

"Haya, mwambie mama yako."

Tulipotoka tukakaa kwenye ngazi, akampigia kwa video. Akaanza kwa kuzunguka: eti mama utusamehe, ghorofa tunaliacha, tutaezeka vyumba viwili tu na jiko.

"Kwani ghorofa nililitaka mimi?" mama akamkatiza. "Nipande wapi na magoti haya? Mnaezeka lini?"

"Kabla ya mvua, mama."

Mume wangu alicheka, kisha akafuta macho. Na mimi nikalia, sijifichi.

Mama akahamia kama watu wa kwetu wanavyohamia: bati juu, plasta bado, madirisha yamezibwa kwa mbao. Asubuhi ya kwanza akatupigia, tuko jikoni huku Ilford tunawahi kazini. Akatuonyesha nguzo za varanda, zile za kubeba ghorofa, nondo za chuma zimechomoza juu. Alikuwa amefunga kamba kati ya mbili, kaanika kanga zake.

"Mmeamkaje huko?" akasema. "Karibuni kwangu."