Hodi ya Saa Nane Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa aproni mbili, daftari moja na onyo. Aliyenionya ni Msimamizi wa Wasaidizi wa Majumbani, Mwingereza mrefu, mkavu, ambaye hakuvua koti hata akiwa ofisini.

“Kabla hujamtazama mzee, tazama kizingiti chake,” alisema. “Muuza maziwa huacha chupa pale kila alfajiri. Chupa moja ya maziwa, amechelewa kuamka. Chupa mbili, vuta ufunguo uingie.”

Ufunguo ulining’inia kwa uzi nyuma ya mlango. Mtu alipenyeza vidole kwenye tundu la barua, akauvuta. Mimi niliona huo ni utovu wa adabu. Kwetu Unguja mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huenda zake. Nyinyi vijana mnaopiga simu mkiwa mmesimama mlangoni mtaniona mshamba, lakini ndivyo nilivyolelewa, na nilikuwa mkaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Halmashauri ilitutuma kwa wazee na wagonjwa wakati wa baridi, tuwashe moto, tununue mkate, tupike supu, kisha tuandike daftarini hali ya joto ndani ya nyumba. Neno “linatosha” lilimaanisha Msimamizi hana haja ya kuja. Ukiandika “halitoshi”, alikuja mwenyewe na blanketi na kipimajoto chake.

Mimi nilipangiwa Southall, magharibi ya London, kwa sababu ya Kiswahili. Ilikuwa baridi ya kwanza baada ya Wahindi kufukuzwa Uganda. Kigujarati sikijui hata salamu, lakini bibi aliyenunua mboga sokoni Jinja miaka arobaini alikuwa na Kiswahili cha kututosha sote wawili.

Bibi huyo ni Mama Kanta. Mjane, mfupi, mwenye sweta tatu juu ya sari. Mwanawe alishinda kiwandani tangu asubuhi, naye alibaki peke yake katika chumba cha mbele. Moto wa gesi ukutani hakuutaka kabisa.

“Hii moto ya ukuta hapana moto,” alinung’unika. “Mimi nataka jiko.”

Na jiko alikuwa nalo. Alilitengeneza kwa debe alilolitoboa matundu, akawasha makaa ndani yake katikati ya chumba. Kanuni zilikataza. Mimi nililiona, na badala ya kuliandika nikaketi kando yake nikaota moto. Harufu ile ilinirudisha kwa mama yangu, na machozi yalinitoka. Nilijiambia Waingereza hawajui jiko. Tukabandika chai. Baridi ilipozidi nikamsaidia kuziba nyufa za dirisha kwa magazeti, na daftarini nikaandika: linatosha.

Wiki ya tatu akaniambia jambo.

“Kila siku saa nane mtu nasema hodi. Ile sauti ya bwana yangu.”

Mumewe alifia Jinja. Enzi za uhai wake alifunga duka saa nane, akapanda juu kula, na kwa mzaha alipiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

“Wewe unafanyaje?”

“Mimi nasema karibu. Hapana ingia. Kesho nasema hodi tena.”

Nilicheka, nikamwambia labda anaogopa baridi. Siku iliyofuata nilikaa naye hadi saa nane. Theluji ilikuwa imenyamazisha barabara nzima. Kichwa kilikuwa kinaniuma, kama kilivyoniuma kila nikiwa pale, na chai ilikuwa imepoa mkononi. Ndipo nikasikia. Sauti ya mwanamume, ya upole, karibu sana na mlango: hodi.

Mama Kanta aliitikia kwa furaha. Mimi nilifungua mlango. Kizingitini theluji ilikuwa laini, haina alama ya mguu; hata nyayo zangu za kuingilia zilikuwa zimefunikwa.

Niliogopa, sifichi. Nikampa nasaha waliyonipa wakubwa zangu nikiwa mtoto: sauti ya mtu usiyemwona, usiiitikie. “Akipiga hodi tena, nyamaza,” nilimsihi. “Hata akiita mara ngapi.” Alinitazama kwa huzuni, lakini alikubali.

Siku mbili baadaye nilifika mapema kidogo, kabla ya saa nane. Chupa ya maziwa ilikuwa moja. Nilipiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu, nikasikiliza. Kisha nikageuka, nikaenda zangu kama mtu mwenye adabu.

Nilikuwa nimefika kona ya barabara nilipokumbuka maumivu yale ya kichwa. Kiliniuma kwa Mama Kanta tu, na kiliacha kila nilipotoka nje. Nikamsikia mama yangu, alivyosema kila tulipofunga madirisha kulala: “Litoeni jiko nje.” Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Nilikimbia na kuanguka mara mbili. Nikavuta uzi, nikafungua, nikang’oa yale magazeti kwa kucha. Mama Kanta alikuwa kitini, mashavu mekundu, macho wazi. Nilimburuta hadi barazani, kwenye theluji, huku nikipiga kelele hadi jirani akaita gari la wagonjwa.

Alipona. Hospitalini alinishika mkono.

“Mimi nasikia wewe,” alisema. “Hodi moja, mbili, tatu. Wewe nasema nyamaza. Mimi nanyamaza.”

Msimamizi aliniita ofisini. “Jiko hilo uliliona?”

“Nililiona.”

“Daftarini uliandika nini?”

Nilimwambia. Alinieleza kwamba makaa katika chumba kilichozibwa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na kwamba sumu hiyo humfanya mtu asikie visivyokuwepo kabla haijamuua. Angeweza kunifukuza. Badala yake aliniamuru kuwasimulia waajiriwa wapya kisa hiki kila baridi inapoanza, bila kuruka neno.

Mama Kanta aliishi miaka mingine mingi, na hakumwitikia mtu tena mlangoni. Mwanawe aliita, mimi niliita, yeye aliketi kimya ndani akitusikiliza, mpaka mmoja wetu avute uzi. Neno karibu nilimtoa mdomoni mimi, na halikurudi. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyafanya kazini.

Sasa nimestaafu, naishi peke yangu Thamesmead. Fundi wa halmashauri huja kupima hewa kabla ya baridi, na kengele ya sumu iko ukutani na taa yake ya kijani. Nyumba ni salama. Hata hivyo theluji ikianguka, saa nane mchana nasikia hodi. Si mwanamume. Ni sauti ya msichana wa Unguja, mkaidi, mwenye haraka ya kuondoka. Naijua, ilikuwa yangu.

Mjukuu wangu akija kunitembelea husema, “Bibi, there’s nobody there.” Najua hayupo mtu. Lakini anapiga hodi tatu tu kisha anakwenda zake, kwa hiyo simngojei afike ya pili. Naitikia kwa nguvu zangu zote, jirani wasikie: Karibu, mwanangu, karibu ndani, usiondoke.