Siku Tisini za Bibi

Kila Ijumaa baada ya sala, baba na ami yangu hugombania mlango wa Zanzibar. Tunakula chini, kwenye sebule ya nyumba mpya ya Mabela, hapa Oman, ambayo bado inanukia rangi, sinia la wali na samaki nguru katikati, na ndugu hao wawili wenye mvi wanabishana kama vijana. Ami anasema Zanzibar ingeachiwa yenyewe iamue nani aingie na nani akae. Kosa ni kuufanya uhamiaji kuwa jambo la Muungano. Baba anasema nchi ikiwa moja, mlango nao uwe mmoja. Wote wana pasipoti za Oman na hakuna aliyewaomba shauri. Mimi kwa miaka nilikuwa upande wa ami, kwa sababu maneno yake yalikuwa mazuri zaidi.

Mwaka huu ubishi wao ulipata mtu. Bibi yangu, mama yao, alitaka kwenda kwa dada yake. Familia ilipoondoka Unguja bibi alikuwa msichana. Dada yake alibaki kwa kuwa alikwishaolewa. Tangu hapo wameonana mara chache sana, na udugu wao umekaa kwenye simu. Sasa yule dada ameanza kusahau. Binti yake alitueleza kwamba siku nyingine hajui yuko chumba gani. Siku anazojua, humpigia bibi na kumwambia jambo moja tu: "Njoo ningali nakujua."

Nikakaa na bibi mbele ya kompyuta kujaza fomu ya viza. Kwenye sababu ya safari nilichagua utalii, kwa haraka zangu. Akaniuliza nimeandika nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika ubavu. "Mie na wale wanaoshuka melini bandari ya Matrah na kaptura zao?"

Nikafuta, nikaweka kutembelea ndugu, nikaambatisha barua ya mwaliko kutoka kwa binti wa dada yake. Kwenye anwani atakapofikia hakufikiri hata kidogo: alinitajia mtaa, uchochoro, mlango wa buluu upande wa kulia ukishapita kisima. Niliandika yote kwa furaha. Mimi natunga riwaya; nikipewa kisima siulizi zaidi.

Baada ya siku nne lilikuja jibu. Anwani ya mgeni na ya mwenyeji wake haziwiani, tafadhali tufafanue. Baba alisoma, akavua miwani. Nyumba yenye mlango wa buluu ndimo alimozaliwa bibi, na wanakaa watu wengine humo tangu kabla baba hajazaliwa. Dada yake anaishi kwa binti yake, mbali na hapo. Bibi analijua hilo vizuri kuliko sote. Lakini serikali ilimuuliza anakwenda wapi, naye akajibu.

Ijumaa ile ami alipata alichokuwa akikitafuta. Akasema fomu kama hiyo ingesomwa na mtu wa pale pale, angeitambua nyumba na wenyewe, wala asingeuliza. Huyu wa mbali, wa serikali ya Muungano, kwake sote ni namba.

Baba alikuwa akikamulia ndimu kwenye wali. Hakunyanyua uso. "Yakhe, aliyewatoa kina mama nyumbani mwao alikuwa mtu wa pale pale. Jirani. Akiwajua kwa majina, mpaka jina la paka."

Ami aliliacha tonge lake kwenye sinia. Katika Ijumaa zote hizo sikuwahi kumsikia baba akilisema hilo, na nilielewa kwamba alikuwa akilisema kila mara, kwa maneno mengine. Alitaka mama yake apimwe na mtu asiyemjua.

Bibi alikuwa akinitolea miiba ya samaki, kama anavyofanya tangu nikiwa mdogo. Akaendelea mpaka akamaliza kipande.

"Sasa katika hao wawili wenu," akasema, "nani atanfikisha kabla dada hajansahau?"

Akanigeukia mimi.

"Andika ntafikia kwa binti yake. Ile nyumba nyengine ntaipita tu, niitazame."

Nikaandika. Viza ilitoka, siku tisini. Tulimsindikiza uwanja wa ndege na begi moja la nguo na moja la halua, akakataa kiti cha magurudumu, halafu akakikubali alipoona foleni.

Ijumaa iliyofuata baba aliweka simu katikati ya sinia na vikombe, tukasikiliza sauti aliyoturushia bibi kutoka Unguja. Kwanza kuku, kisha mlango, kisha sauti ya bibi kizee nisiyoijua, kali, ikiuliza nani kamruhusu mwanamke huyu kuingia.

"Serikali ya Muungano, dada," bibi akajibu. "Imenipa siku tisini."

Nilimwona ami ameziba mdomo kwa kiganja.

"Na muda wote huo ulikuwa wapi?" sauti ile ikauliza, laini sasa, ikamwita bibi kwa jina la utotoni ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia.

Rekodi ikakatika. Baba akairudia, akairudia tena. Baadaye ami aliuliza, polepole, siku tisini zikiisha itakuwaje. Baba alimega mnofu mkubwa wa nguru, akautoa miiba, akauweka upande wa ndugu yake.