Msusi Aliyeacha Kichwa Nusu

Mtaani walimwita Chapu, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye nywele. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la rangi na kinyozi, na siku za Jumamosi benchi lilijaa mpaka wengine wakasubiri mlangoni. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli, alikuwa na sala yake fupi: “Bwana, leo nina kelele nyingi. Ukiniita, niite kwa nguvu.”

Jumamosi moja ya mvua na baridi kali, kwenye kiti alikaa karani wa benki ambaye alasiri hiyo angekuwa mpambe wa bi harusi. Chapu alikuwa amemaliza upande wa kushoto alipomkumbuka wifi yake. Si kumkumbuka hivi hivi. Ilikuwa kama mtu amemgusa bega: nenda kwa wifi yako.

Wifi huyo, mdogo wa mwisho wa mumewe, alikuwa amejifungua majuzi tu. Alikaa chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya mbao, mtaa wa pili. Baba wa mtoto alikuwa safarini na lori.

“Nitapita jioni,” Chapu alijiambia, akachukua rasta nyingine.

Neno likarudi. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Mzazi mchanga, amelala, aliwaza. Kilichomzuia zaidi ni aibu. Mwezi uliopita alisukumwa vivyo hivyo juu ya mama mkwe wake. Alifunga saluni akakimbia, akamkuta mama mkwe anamenya viazi. “Umekuja kunizika?” bibi yule alimuuliza, na ukoo mzima ukacheka. Kumbe si kila kishindo cha moyo ni sauti ya Mungu. Atajuaje?

Lakini vidole vilianza kumkataa. Alisuka, akafumua, akasuka tena mstari ukaenda upande.

“Chapu, leo umelala vibaya?” karani aliuliza.

Chapu akaweka chanuo mezani. “Dada, nisamehe. Nakwenda mara moja kwa wifi yangu, narudi sasa hivi.”

“Uniache hivi? Kichwa nusu?”

“Sasa hivi tu.”

“Sasa hivi ya msusi naijua mimi!” Karani alijifunga taulo kichwani akasimama. “Twende wote. Ukipotea, nani ataniangalia na kichwa hiki?”

Benchi zima likaguna. Chapu hakugeuka. Walitembea upesi kwenye matope, halafu Chapu akaanza kukimbia bila kujua kwa nini, na karani nyuma yake akilalamikia viatu vyake.

Mlango wa wifi ulikuwa umefungwa kwa ndani, na dirisha pia. Redio iliimba. Chapu alibisha, akaita. Kimya.

“Amelala huyo,” jirani alisema kutoka barazani kwake. “Nimemwona akiingiza maji ya kumwogeshea mtoto. Mwacheni apumzike.”

Chapu alisimama na mkono hewani. Akivunja mlango wa watu na wifi akaamka akimtazama, atasema nini? Aliweka sikio kwenye ubao. Redio tu. Hata mtoto hakusikika.

“Nisaidie kusukuma,” alimwambia karani.

Komeo liling'oka. Joto zito liliwapiga usoni. Katikati ya chumba jiko la mkaa lilikuwa jekundu, na wifi alikuwa sakafuni kifudifudi, mkono umenyooshwa kuelekea mlangoni. Chapu alimruka, akamnyakua mtoto kitandani, akatoka naye barazani. Karani alimshika wifi makwapani akamburuta nje mpaka kwenye mvua. Taulo likaanguka, wala hakuliokota.

Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa. Chapu alimsugua mgongo, akamsugua nyayo. “Mungu wangu, nimechelewa,” alisema. “Nimechelewa, nimechelewa.” Akampulizia pumzi, kidogo kidogo. Kifua kikapanda, kikatulia. Akapuliza tena. Ndipo mtoto akakohoa, akakunja uso, akatoa kilio chembamba kama cha paka. Jirani akaanza kulia kabla ya Chapu.

Seremala wa karakana aliwapeleka hospitali kwa gari lake. Daktari aliwaeleza kuwa mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hushtukia miguu imekwisha nguvu. Mama na mtoto waliwekewa oksijeni. Karani alimaliziwa nywele palepale kwenye benchi la hospitali, akaenda harusini amechelewa.

Siku ya pili wifi aliweza kukaa kitako. Chapu alikuwa bado hajarudi nyumbani.

“Wifi, nani alikupigia simu?”

“Hakuna. Nilisukumwa tu kuja.”

“Sasa mbona unalia, na sisi tumepona?”

“Niliambiwa mapema, wifi. Nikaendelea kusuka.”

Wifi akasogea ukutani, akampisha nafasi kitandani. Chapu alipanda na matope yake miguuni, wakalala mgongo kwa mgongo, mtoto akipumua mbele ya mama yake, na Chapu akimsikiliza kila pumzi mpaka usingizi ukamchukua.