Kuzeeka na Kuzika

Mimi niliacha shule darasa la tatu, na sababu ilikuwa ng'ombe, siyo akili. Nasema mapema ili ukikuta nimeruka herufi mahali usishangae. Hata hivyo mwaka jana nilifundisha chuo kikuu. Nilifundisha Alhamisi sita, somo lao linahusu uzee na jamii, hapa hapa Bariadi.

Ilikuwa hivi. Marehemu mdogo wangu aliacha binti, na binti huyo alisoma mpaka akawa mwalimu wa chuo kikuu huko mbali. Ananiita baba mkubwa. Wanafunzi wake waliletwa huku kwa mazoezi, wakapangishiwa ukumbi nyuma ya kinu cha pamba. Akaja nyumbani, akapiga goti, akanisalimia, akasema, "Baba mkubwa, vitabu tunavyo. Tunakosa mzee."

"Huko kote mlikopita hamkuona mzee?"

"Tuliwaona. Hawaongei kama wewe."

Alijua pa kunishika. Nikakubali kabla hajamaliza chai.

Kile kinu nakijua. Nilifanya kibarua pale misimu mingi, kabla sijaoa na baada ya kuoa, nikisimama kando ya mashine inayotenganisha pamba na mbegu. Ile mashine hailii, inanguruma ndani ya mifupa. Tulikuwa tunaongea kwa vidole. Jioni ukifika nyumbani mke anakuuliza habari, unamwona mdomo tu. Asubuhi masikio yanarudi, unakwenda tena. Sasa kuna asubuhi moja sikio la kushoto halikurudi, na mimi sikumwambia mtu. Mtu akikaa kushoto kwangu nilikuwa natikisa kichwa na kukunja uso kidogo. Watu wakasema yule mzee mkali, hapotezi maneno. Nikaacha waseme.

Basi Alhamisi ya kwanza nikakuta vijana thelathini hivi, kila mmoja na daftari. Wasichana kwa wavulana wakasimama, "Shikamoo mzee," nikaitikia. Mwalimu akaniweka kiti mbele, akaandika ubaoni. Sikusoma alichoandika, miwani nilikuwa nimeisahau juu ya gunia la choroko. Kijana mmoja wa Dar, amekaa upande wa kushoto, akauliza jambo. Nilisikia hivi: "Mzee wetu, huku kwenu watu wanajiandaaje kuzika?"

Nikaona ni swali la mtu aliyelelewa vizuri. Nikaanza. Nikaeleza nani anapelekewa habari kwanza, mjomba au shangazi, na ugomvi unaotokea ukikosea. Nikaeleza wachimbaji wanavyopokezana jembe, na kwamba udongo wa mbuga ukilowa shimo linabomoka, kwa hiyo lazima kuwe na mbao karibu. Nikaeleza zamani kabla ya sanduku mtu alivyofungwa kwenye ngozi ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe achaguliwe rangi gani. Nikaingia hata kwenye mazishi ya babu yangu kule Shishiyu, ambako mvua ilitukuta na mchungaji akateleza akakaa chini kwenye tope na Biblia yake hewani. Niliendelea karibu saa nzima. Wote wanaandika. Nikajisifu moyoni, kumbe hii kazi ni rahisi.

Msichana mmoja akainua mkono, akasogea mbele upande wangu wa kulia.

"Samahani babu. Kwa hiyo maandalizi ya kuzeeka ni kuchimba kaburi mapema?"

"Nani amesema kuzeeka?"

Yule wa Dar akainama chini ya meza kama aliyeangusha kalamu, mabega yanatikisika. Mwalimu akasema, "Tupumzike dakika kumi," sauti yake imenyooka kabisa.

Alinisindikiza nyumbani. Tulianza yeye akiwa kushoto kwangu. Tulipofika kwenye mafundi baiskeli akavuka akaja kulia. Hapo nikajua amejua.

"Baba mkubwa, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Sikio."

Nikamwonyesha baiskeli moja iliyobeba magunia matatu, nikaanza kusimulia jinsi sisi tulivyokuwa tunabeba. Akaningoja nimalize. Akauliza tena maneno yale yale.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa nakwepa namna ile. Sikio lenyewe halikunitisha. Kitongoji chetu kina wazee watano wa mipaka, banamhala tunavyowaita kwa Kisukuma, na mimi ni mmoja, kwa sababu nilikuwepo mikonge ya mipaka ilipopandwa. Mwaka mmoja kabla ya hayo, mama mjane jirani yetu aligombana na mwenye shamba linalopakana na lake. Yule bwana alisema mpaka unapita nyuma ya kichuguu. Mama akasema unapita mbele. Tukakaa. Mwenyekiti alikuwa kushoto kwangu. Akaniuliza kitu, nikasikia "kichuguu", nikadhani ananiuliza kama nakifahamu. Nikatikisa kichwa kukubali. Kichuguu nakifahamu, ng'ombe wangu walikuwa wanajikuna pale.

Kumbe aliuliza kama mpaka uko nyuma yake.

Niligundua wiki ya pili, nilipoona yule bwana analima matuta ya mama, matuta kumi na moja ya viazi vitamu. Ndiyo yaliyokuwa yanampa michembe, viazi vya kukausha vya kula kiangazi, yeye na wajukuu wake wanne. Nikasimama njiani nikatazama jembe linavyoingia. Nikaenda zangu. Ningesema nini? Mzee wa mipaka asiyesikia, ataulizwa tena mpaka kwa ajili ya nini?

Hayo yote nilimweleza binti yangu pale barabarani. Hakunihubiria. Alisema tu, "Alhamisi ijayo mada ni mzee kupoteza nafasi yake kwa watu. Utakuja?"

Nilikwenda. Nikawaambia vijana, "Wiki iliyopita niliwafundisha kuzika kwa sababu sikio hili limekufa. Anayeuliza aje huku kulia." Wakacheka, nami nikacheka, halafu nikawasimulia habari ya kichuguu yote, kwa kuwa mada ilikuwa hiyo na mimi nilikuwa na mfano. Niliona nimefundisha vizuri. Nikaegemea kiti.

Yule wa Dar akatoka nyuma, akaja akachuchumaa kulia kwangu.

"Mzee wetu, nimekuelewa freshi. Ila matuta ya huyo mama si bado yako kwa yule jamaa?"

Hilo nililisikia lote, silabi kwa silabi. Mwalimu alinitazama, hakuniokoa.

Jumamosi nikaomba wazee wakutane. Nikasema mambo mawili: sisikii kushoto, na mpaka uko mbele ya kichuguu. Mzee mmoja ambaye ni mtani wangu akaniangalia sana.

"Kwa hiyo namhala, siku ile niliyokutukana harusini hukusikia?"

"Sikusikia."

"Nami nimekuogopa mwaka mzima, nasema huyu ananiwekea kinyongo. Basi leo narudia."

Akarudia, kwenye sikio la kulia. Yalikuwa matusi mazuri.

Yule bwana mwenye shamba, naye aliitwa, hakucheka. "Mzee huyu mwaka jana hakusikia, leo anasikia. Kesho atatuambia haoni. Mtahamisha mpaka mara ngapi?" Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikawaambia wasiniamini mimi, wachimbe. Tukaenda wote, nikapima hatua kutoka kwenye kichuguu kuja mbele, nikasema hapa. Jembe la tatu likagonga kisiki cha mkonge wa zamani, kimeoza nusu. Mbele kidogo kingine. Vikakaa mstari.

Ikaamuliwa yule bwana avune choroko zake zilizokwisha kuota, kisha aachie matuta. Na mimi nikaamuliwa vilevile. Mwenyekiti alisimama kulia kwangu akasema taratibu, "Utakuwa unatuonyesha ulipo mkonge. Kuamua, tutaamua wanne." Nikasema sawa. Nilitembea nyumbani peke yangu, na nilipita njia ndefu.

Alhamisi nne zilizobaki nilifundisha, vijana wakipokezana kukaa kulia. Walipoondoka waliniachia daftari hili ninaloandikia.

Yule mama hajawahi kunishukuru, wala sikutarajia, maana alikosa michembe ya kiangazi kizima kwa kichwa changu kilichotikisika. Lakini asubuhi akipita na jembe lake ananizunguka mpaka kulia, anasogeza mdomo karibu na sikio, na kunisalimia kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Mwangaluka!" Kisha anauliza kama nimelala vizuri, kama nyumbani ni salama, kama nimesikia. Barabara nzima inageuka. Sijui kama ni heshima au ni adhabu. Naitikia yote, moja baada ya jingine, mpaka atosheke.