Harusi ya Mdogo Wangu na Pedali ya Mwangwi

Fahali wetu hakuwa mkali. Asubuhi ile nilikuwa namfungua kumpeleka majini, pikipiki ikapita karibu ikimpigia honi, naye akachomoka. Kamba ilijizungusha kwenye mkono wangu wa kushoto, ikabana kidole cha pete na kile kidogo, na mifupa ikavunjika nikiwa naisikia. Hospitalini Mutomo walinihudumia vizuri, mifupa ikaunga. Lakini plasta ilipotolewa, vile vidole viwili havikutaka kukunjika. Jembe niliweza kulishika, na ndengu niliweza kuzipepeta. Shida ilikuwa gitaa.

Gitaa nilifundishwa na baba. Ujana wake aliumaliza kwenye bendi za dansi, akizunguka Kitui na Makueni yote, kisha akaokoka, gitaa akahamia nalo kanisani. Mtindo wake ni ule wa kwetu Ukambani: noti nyingi za kasi, zinafukuzana, mkono wa kushoto haupati hata nafasi ya kupumua. Kati ya watoto wake ni mimi peke yangu niliyeushika mtindo huo. Watu kanisani walikuwa wakisema ukifumba macho huwezi kujua ni baba anayepiga au ni binti. Baada ya ile ajali, hata mimi nikifumba macho nilijua vizuri sana.

Baba hakuniuliza chochote. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kupiga, maana ugonjwa wa viungo ulikuwa umemkaza vidole. Tulikuwa tukikaa jioni, gitaa limeegemea ukuta, tukiongea habari za mvua na mbuzi. Kimya chake kiliniuma kuliko kama angeuliza.

Kisha mdogo wangu wa kike akapata mchumba, mtu wa Makueni, na harusi ikapangwa mjini Wote. Akanipigia simu.

"Dada, nataka uniingize harusini na ule wimbo wa mama."

Wimbo huo baba alimtungia mama yetu kabla hatujazaliwa, na mama aliuimba akisonga ugali mpaka mwaka aliofariki.

"Vidole havijapona," nikamwambia.

"Basi nitaingia kimya kimya."

"Usinitishe."

"Sikutishi, Dada. Ni wewe ama ni kimya."

Nilianza kukosa usingizi. Mwishowe nikamweleza rafiki yangu wa Wote, mama mmoja anayepiga gitaa kanisani kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kama huwezi kupiga noti nyingi, piga chache. Halafu uziache zikae." Akaniazima kisanduku kidogo cha chuma chenye vifundo vitatu vya kuzungusha. Unachomeka waya wa gitaa upande mmoja, upande wa pili waya unakwenda kwa spika. Ukikikanyaga, noti haikatiki. Inaendelea kulia huku ikififia, kana kwamba unapiga ndani ya ukumbi mkubwa. Watu wa bendi huiita rivabu. Mimi niliiita pedali ya mwangwi.

Jumapili iliyofuata niliijaribu kanisani kwetu, na ikawa aibu tupu. Noti zilipandana, wimbo ukageuka uji, waimbaji wakapoteza mahali pa kuingilia. Tulipotoka, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kwa upole kabisa, "Leo ulikuwa unapigia ndani ya tangi la maji?" Baba alitembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Nikampigia rafiki yangu nimwambie narudisha kitu chake. Akacheka.

"Kanisa lenu ni mabati na simiti tupu. Lina mwangwi wake tayari, na wewe umeongeza mwingine juu. Harusi itakuwa kwenye tenti, uwanjani. Pale sauti inakufa ikitoka tu. Ngoja uone."

Sikumwamini, lakini sikuwa na njia nyingine.

Siku ya harusi tulifika mapema, mimi naye, tukajaribu mitambo viti vikiwa bado vitupu. Bila pedali, gitaa lilitoka kavu kama mtu anayegonga meza. Nikakanyaga. Rafiki yangu akainama, akazungusha kifundo kimoja hadi nusu, akakirudisha kidogo, akaniambia, "Usiguse tena."

Mdogo wangu alipotokea mlangoni mwa tenti, nililishika gitaa vizuri. Nilipiga noti ya kwanza, nikaingoja. Ilikwenda mpaka nyuma kwenye viti vya mwisho, na kabla haijazimika nikaweka ya pili juu yake. Pale baba alipokuwa akijaza noti chungu nzima, mimi nilichagua moja. Vidole viwili vizima vilipata wakati wa kutosha kuhama. Mahali fulani kidole kibovu kiligusa waya, ukakwaruza, ukapita. Mdogo wangu alitembea polepole kuliko tulivyofanya mazoezi, kwa sababu wimbo ulimruhusu. Alipofika mbele, nyanya mmoja wa upande wa bwana harusi akapiga vigelegele, na tenti lote likamfuata.

Sikuthubutu kumtazama baba. Alinifuata mwenyewe watu walipokuwa wakila. Huniita Mwaitu, yaani "mama yangu" kwa Kikamba, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mwaitu, wimbo ule niliutunga uende hivyo. Mama yako alikuwa mtu wa kutembea polepole. Lakini dansini ukipiga polepole, watu wanaketi."

"Miaka hii yote hukuniambia!"

"Ulikuwa unapiga vizuri. Ningekuambia nini?" Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, akautazama. "Na hivi vidole?"

"Daktari alisema havitarudi, Baba."

"Hata vyangu havirudi," akasema, akauinua wake karibu na wangu. Tulicheka mpaka nikafuta machozi. Kifua kikawa chepesi, kama mtu aliyetua mtungi baada ya kupanda mlima.

Kisha akauliza, "Hiki kisanduku kinakanyagwa wapi?"

Nikamwekea gitaa mapajani, nikamwonyesha. Alikanyaga na kiatu chake cha harusi, akapiga waya mmoja kwa dole gumba, akainamisha kichwa kusikiliza mpaka sauti ikaisha. Akapiga tena. Waliotukodishia viti walikuwa wameanza kukunja vile vya nyuma, akawaomba wasubiri kidogo. Mimi nikaenda kutafuta pilau, maana tangu asubuhi sikuwa nimeweza kumeza kitu.