Povu la Daktari

Nikisikia kitu kikichemka kwa sufuria, natoka jikoni. Hiyo ndiyo sauti ya mguu wa shosho, nyanya yangu.

Shosho ana sukari. Tangu kiatu kilipomchubua kifundoni, kidonda kilikataa kupona, basi kila Jumatatu nilimpeleka kliniki iliyo karibu na kwetu Langas. Mwenye kliniki, sote tunamwita Daktari, alimwaga haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya povu. Kidonda kikachemka cheupe kama maziwa yanayotaka kumwagika. "Mnaona? Uchafu unatoka," alisema, na foleni nzima ikaguna kwa kuridhika. Watu walitoka mpaka mtaa wa Pioneer kwa sababu ya hilo povu. Kliniki isiyo na povu, walisema, ni duka tu.

Harufu yenyewe siandiki.

Mimi siongei mbele za watu. Naandika. Nyumbani, nikifungua bandeji, nilishika uzi juu ya kidonda bila kukigusa, nikaukata pale kinapoishia, nikaubandika kwa dayari yangu na seloteipu. Wiki nane, nyuzi nane. Kila uzi uliushinda uliotangulia kwa urefu.

Wiki hiyo ya nane tulimkuta nesi mwanafunzi, amekuja kujifunza kazi. Daktari alipochukua chupa, nesi akasema polepole, "Daktari, nimesoma mwongozo wa vidonda. Hii dawa inaua hata nyama mpya inayoota. Wanasema maji safi ya chumvi yanatosha." Akamwonyesha simu.

"Ati Madam Simu!" Daktari akacheka. "Nimeosha vidonda kabla mamako hajakuzaa. Kuna mtu hapa ameuawa na povu?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Kicheko changu kinanichefua kuliko ile harufu.

"Na mwongozo tunao," akaongeza, akionyesha meza kwa kidevu. Kitabu kilikuwa pale kweli, chini ya thamosi, bado kwa nailoni yake, kimejaa alama za chai.

Nesi hakunyamaza. "Sawa. Lakini kidonda kinapungua ama kinaongezeka? Nani amepima?"

Dayari ilikuwa kwa mkoba, juu ya magoti yangu. Daktari alianza kufungua chupa. Shosho akafumba macho, kama anavyofumba kila Jumatatu, akanishika mkono kwa nguvu. Nikatoa dayari, nikafungua ule ukurasa, nikampa nesi huku natazama sakafu.

Aliangalia, kisha akamwekea shosho dayari mapajani. Shosho hajui kusoma, lakini uzi anaujua. Amefuma sweta maisha yake yote. Akapitisha kidole kutoka wa kwanza hadi wa nane. Halafu akavuta mguu.

"Hilo povu lako, mwanangu, oshea nalo vyombo. Huyu msichana wa simu ndiye ataniosha."

Tangu siku hiyo nesi anamwosha kwa maji ya chumvi. Uzi wa jana ni mfupi kuliko hata ule wa kwanza. Ningefurahi, lakini jana tukiwa bado kitini pale kliniki, ng'ambo ya pazia kitu kilichemka, mtoto akapiga mayowe, na sauti ya Daktari ikasema, "Mnaona? Uchafu unatoka." Kitabu bado kimebeba thamosi.

Nilimngoja mama wa yule mtoto mlangoni, kipande cha uzi mkononi, nimwambie apime kidonda kila wiki.